Apolo Kivebulaya: Mtumishi Aliyevuka Mlima na Jembe



 

Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya tumaini. Lakini baba mmoja na mama mmoja wakikaa jioni na kuhesabu unga uliobaki, neno hilo linaweza kuwa jepesi mdomoni na zito moyoni. Kuna watu kati yetu waliokaa kambini miaka kumi, wengine ishirini. Kuna waliofanya mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu na hawajaitwa tena. Kuna waliokuwa na biashara mjini, na mwaka 2023 lilipotoka agizo la kurudi kambini wakafunga mizigo na kuanza upya. Watu hao wakituuliza tumaini la Mkristo ni kitu gani, tuwajibu nini?

Tumeona vema safari hii tusihubiri sana, bali tuwasimulie maisha ya mtu mmoja. Anaitwa Apolo Kivebulaya. Sisi tuliotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini tulilisikia jina lake tangu utoto. Ndugu wa Burundi, wa Rwanda na wenyeji wetu wa Malawi labda hawamjui. Alikufa mwaka 1933, lakini tunaamini maisha yake yana neno kwa ajili yetu.

UJANA WAKE

Apolo alizaliwa mnamo mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, wilaya ya Singo, katika ufalme wa Buganda. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume wa kwanza katika mapacha. Hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Alipokuwa kijana aliwekwa kwa mganga ajifunze uganga, lakini alipoona udanganyifu uliokuwamo akaacha.

Miaka ile nchi ya Buganda iliingia katika vita vya dini. Tangu mwaka 1888 hadi 1892 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania ufalme, na aliyeshindwa leo alimfukuza mshindi kesho. Mwaka 1888 Wakristo wengi wa Buganda walikimbilia Kabula, katika nchi ya Nkore, wakakaa huko kama wakimbizi. Wapendwa, tusisahau jambo hili. Kanisa la Uganda ambalo leo ni kubwa lilipitia ukimbizini lilipokuwa bado changa sana.

Katika vita hivyo Waswa alikuwa kwanza upande wa Waislamu, halafu akahamia upande wa Wakristo. Alikuwa amesikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, na maneno yale hayakumtoka. Alijiunga pia na msafara wa kijeshi wa Waingereza uliokwenda Toro mwaka 1891. Kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilokuwa akilivaa, watu walimpa jina la utani, Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Jina hilo lilimkaa hadi kufa, ingawa huko Ulaya hakufika.

Mwaka 1895 alibatizwa, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu wa Aleksandria tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Mke wake alikuwa amekufa, naye hakuoa tena. Mwaka uleule akatumwa Toro, magharibi mwa Uganda, awe mwalimu wa Injili.

KWA NINI ALIBEBA JEMBE

Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, baada ya kuteremka na kuvuka mto Semliki, kuna mahali panapoitwa Boga, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenyeji wake ni Wahema, watu wa ng'ombe, na chifu wao wakati ule aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walitangulia kwenda huko mwaka 1896. Hawakudumu. Walishindwa na njaa. Watu wa Boga hawakutaka kuwalisha, nao walimu hawakuwa tayari kushika jembe, kwa maana katika Buganda kulima chakula kulikuwa kazi ya wanawake. Mwalimu aliyejua kusoma aliona aibu kuinama shambani.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo akajitoa kwenda mahali pao. Habari za njaa alikuwa amezisikia. Basi kabla ya kufika alinunua jembe, akavuka milima akiwa na kitabu chake na jembe lake.

Sisi tumelifikiri sana jembe hilo. Apolo hakujua kama atapokelewa. Hakuwa na shamba Boga wala ndugu wa kumpa kiwanja. Wenye nchi walikuwa tayari wamewafukuza wenzake kwa njaa. Angeweza kungoja Toro mpaka chifu aseme karibu. Yeye alikwenda, na kwa sababu alikuwa na jembe, watu waliona kwamba mgeni huyu hakuja kukaa kwa siku mbili. Alilima akala jasho lake, na jioni akafundisha kusoma.

KIPIGO NA GEREZA

Kazi ilianza kuzaa matunda kidogo, kisha shida ikaja. Chifu Tabaro hakupenda mafundisho yaliyogusa ulevi na kuoa wake wengi. Alikataza watu wasimpe Apolo chakula. Apolo alipigwa vibaya na watu wa chifu, wakamwacha wakidhani amekufa. Mwanamke mmoja alimkuta akiwa bado anapumua, akamficha na kumuuguza. Alipopata nguvu akarudi kufundisha palepale.

Baadaye likatokea jambo zito zaidi. Wakati wa kazi ya ujenzi watu walikuwa wakileta matete, na dada ya chifu akaanguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo akashitakiwa kuwa ameua. Alifungwa akapelekwa ng'ambo ya milima hadi Toro, akatiwa gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kuna wasomaji wetu wanaojua uchungu huu. Kusingiziwa ni mzigo tofauti na njaa, kwa sababu mwenye njaa huhurumiwa lakini anayesingiziwa hukimbiwa hata na rafiki. Na mahali tunapokaa sisi, hapa Dzaleka, kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 palikuwa gereza, na watu walifungwa hapa kwa sababu ya siasa siku za utawala wa Kamuzu Banda. Tunapotembea katika njia zetu tunakanyaga udongo ambao wengine waliulilia kabla yetu.

Katika miaka hiyo ya taabu Apolo alisimulia kwamba alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye, na kumtuma awahubiri watu wa msituni. Ono hilo halikumletea chakula siku ile. Lilimpa sababu ya kuendelea. Mashitaka hayakusimama, akaachiliwa, naye akarudi Boga, kwa watu walewale na chifu yuleyule.

Na huko Boga, wakati mwalimu wao hayupo, waumini wachache hawakuacha kukutana na kuomba. Mwishowe Tabaro mwenyewe, yule aliyemtesa, akaomba kubatizwa, akaitwa Paulo. Hatusemi kwamba kila mtesi atageuka. Wengi wetu tunawajua watesi ambao hawakugeuka. Tunasema tu kwamba Apolo alirudi kabla ya kujua kama huyu atageuka.

MPAKA ULIOHAMA

Mwaka 1899 Apolo aliitwa kufanya kazi Toro, akakaa huko miaka mingi. Askofu Alfred Tucker alimweka kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alipanda makanisa mengi katika vijiji vya Toro, na moyo wake haukuondoka Boga.

Wakati huohuo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi juu ya ramani. Kwa mapatano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji, mpaka ulipitishwa katika Semliki, na Boga ikabaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Waumini wa Boga walilala wakiwa wa kanisa la Toro, wakaamka wakiwa nchi nyingine. Hakuna aliyehamisha nyumba. Mpaka ndio uliohama.

Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanajua vema yale ambayo mistari ya ramani imetufanyia sisi na baba zetu. Kwa Apolo jambo hili lilimaanisha kuchagua. Toro alikuwa anaheshimiwa, alikuwa na makanisa na watu waliompenda. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na serikali ngeni isiyomjua, na kundi dogo la waumini wasio na mchungaji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya dunia, akiwa na umri wa miaka zaidi ya hamsini, alirudi Boga, na huko ndiko alikokaa hadi mwisho. Tunadhani hata alipofika tena ilimbidi aanze na shamba.

WATU WA MSITUNI

Karibu na Boga unaanza msitu mkubwa wa Ituri, makao ya Wambuti, ambao wengine huwaita Mbilikimo. Majirani zao waliwadharau, na wengine hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Tangu mwaka 1921 Apolo aliwatembelea sana. Alikuwa mzee, na njia za msituni ni za miguu. Alijifunza lugha yao, akakaa nao, akala nao. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, cheo cha heshima kubwa, lakini hakuhamia Kampala kukifurahia.

Hapa kuna fundisho gumu kwetu tulio wakimbizi. Mtu aliyedharauliwa ana majaribu ya kutafuta mwingine wa kumdharau. Hata hapa kambini tumesikia maneno ya kabila hili juu ya kabila lile, ya waliokuja zamani juu ya waliokuja jana, na ya sisi juu ya wenyeji wanaotuuzia nyanya. Apolo alikuwa amedharauliwa na kupigwa akiwa mgeni. Matokeo yake ni kwamba aliwatafuta wale waliodharauliwa kuliko yeye.

KABURI LINALOTAZAMA MBELE

Alipoishiwa nguvu na kujua kwamba hataishi sana, Apolo alitaka kufia Boga. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya mazishi yake. Desturi ingetaka kichwa chake kielekezwe mashariki, upande wa kwao. Yeye aliagiza kielekezwe magharibi, upande wa msitu, iwe ishara kwamba Injili bado inakwenda mbele huko asikofika yeye. Ndivyo walivyomzika.

Kanisa dogo la Boga halikufa pamoja naye. Kwa miaka mingi lilikaa palepale, kisha watu wa Boga walipohama kwenda mijini kutafuta kazi na shule walilibeba pamoja nao. Mwaka 1972 Boga ikawa dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo wakawa na jimbo lao kamili. Lilienea kwa miguu ya watu waliohama, na mahali pengi likaimba na kuomba kwa Kiswahili, lugha hii tunayoiandika.

JAMBO AMBALO HATUWEZI KULIFICHA

Tungependa kuishia hapa, lakini isingekuwa kweli yote. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani siku ileile ya kumbukumbu ya Apolo ilipokuwa inaisha, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, watoto wakiwamo, na maelfu wakakimbia. Mji wa Apolo ukawa mji wa wakimbizi. Wako kati yetu wanaolia watu wao wa Ituri hata leo.

Je, basi jembe la Apolo lilikuwa bure? Swali hili tuliulizana sisi wenyewe tulipokuwa tukitayarisha barua hii, na hatukupata jibu rahisi. Mtu akiona shamba alilolima babu yake likichomwa moto, hatumwambii asilie. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na Mungu hakuziondoa katika kitabu chake.

Lakini tunaona jambo moja. Apolo hakulima kwa sababu alihakikishiwa mavuno. Alilima baada ya wenzake kushindwa. Alirudi baada ya gereza bila ahadi kutoka kwa chifu, akavuka tena baada ya mpaka kuwekwa, akazikwa akielekezwa mahali ambapo kazi haijakamilika. Kama tumaini lake lingesimama juu ya usalama wa Boga, lingevunjika mara nne kabla hajafa. Lilisimama juu ya yule aliyemwona aking'aa, aliyefufuka katika wafu. Shamba linaweza kuchomwa, na yeye bado yuko.

TUFANYE NINI SISI

Wapendwa, tusichanganye mambo mawili. Kutamani kuondoka si dhambi. Anayengoja jina lake lisomwe aendelee kungoja, na tunamwombea. Apolo alichagua kwenda Boga, sisi hatukuchagua kuja hapa, na hatutaki kujifanya kwamba ni jambo moja. Lakini kungoja jina ni kungoja jina. Tumaini la Kikristo ni kitu kingine, na mtu anaweza kuwa nalo akiitwa au asipoitwa.

Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliohamishwa Babeli. Aliwaambia wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji walimokaa, na katika barua hiyohiyo akawaambia kwamba siku moja Mungu atawarudisha. Aliweka yote mawili pamoja. Waliolima Babeli hawakuwa wamesahau Yerusalemu.

Tunawaona watu wa namna hiyo kati yetu. Kuna mama anayepanda mboga nyuma ya nyumba ya matofali mabichi ambayo si yake, na kumgawia jirani. Kuna vijana wanaowafundisha watoto kusoma bila mshahara. Kuna mzee anayewasuluhisha watu wa makabila mawili waliokuja wakichukiana. Kwa macho yetu hao wameshika jembe la Apolo. Pengine mwakani watakuwa nchi nyingine, na mboga wataila wengine. Wapande tu.

Na wewe uliyechoka, ambaye hata kushika jembe huwezi leo, kumbuka yule mwanamke aliyemkuta Apolo majanini. Wakati ule Apolo hakuwa na nguvu ya kutumaini lolote. Mwingine alimbeba. Kanisa lipo kwa ajili hiyo. Usijifungie ndani. Mwambie mwenzako, mwambie mzee wa kanisa, tukubebe mpaka upate pumzi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni kazi gani tunayoiona kuwa ya aibu, na ambayo ingetusaidia kuishi?

2. Ni nani hapa kambini anayedharauliwa kuliko sisi? Tumemtembelea lini?

3. Kama tungejua kwamba tutakaa hapa miaka mitano mingine, tungepanda nini wiki hii?

MAMBO YA KUOMBEA

Tuwaombee watu wa Boga, Tchabi na Ituri yote, na ndugu zetu wa Kivu. Tuwaombee Wamalawi majirani zetu wa Dowa, Lilongwe na Mitundu, ambao nao wanapambana na njaa mvua zinapokosa. Tuwaombee waliosingiziwa na waliofungwa bila kosa. Tuwaombee watoto waliozaliwa hapa, ambao hawajawahi kuona nchi ya wazazi wao, Bwana awape mahali pa kuita kwao.

Mungu wa tumaini awatunze nyote. Amina.